Baiskeli Kigoma Bila Kukimbizwa na Magari: Mwongozo wa Anayeanza

Kiangazi kikiingia tu, maswali huwa yaleyale. Kuna njia ya baiskeli pekee Kigoma? Lazima baiskeli iwe ya gia? Mlima wa Kalinzi unapandika? Nitalala wapi? Nimeamua kuandika majibu yote mahali pamoja ili kila anayeuliza nimpe haya, nami niendelee na shughuli zangu.

Jibu la swali la kwanza huwavunja watu moyo: hakuna. Hapa hakuna barabara iliyojengwa kwa ajili ya baiskeli, magari yakakatazwa. Zipo njia ambazo magari hayana sababu ya kupita. Ukijua kuzitambua utapiga nusu siku nzima ukikutana na bodaboda mbili tatu, mbuzi, na watu wanaotoka shamba. Haya yanahusu kuzipata njia hizo kati ya ziwa na vilima vya Buhigwe na Kasulu, na kurudi ukiwa mzima.

Kuhusu ardhi yenyewe, jua jambo moja tu. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, chini kabisa kwenye Bonde la Ufa. Vilima vya Buhigwe vinapita mita 1,500. Maana yake ukitoka mjini kwenda popote kaskazini au mashariki unapanda ukingo wa bonde, na ukirudi unateremka ukiwa umechoka, jioni, na breki zako zimechoka pia. Panga safari ukilijua hilo.

Vitu vya kuwa navyo

Baiskeli yoyote nzima inafaa. Phoenix yenye keria, ile inayobeba ndizi na mkaa, itakufikisha Manyovu, kule juu mpakani na Burundi. Milimani utaisukuma, na wala si aibu, wenyeji wote wanasukuma. Ya gia inakupunguzia kusukuma, basi.

Kinachostahili kuangaliwa kuliko gia ni saizi ya tairi. Tairi na tyubu za 26 na 28 ndizo zinazotumika vijijini, kwa hiyo ndizo utakazozikuta madukani Mwanga, Ujiji na Kasulu. Za 29 usizitegemee. Na wenye baiskeli za mtumba wasikilize vizuri: "28" ya Phoenix si "28" ya mtumba. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Phoenix ni 28 x 1½, na kipimo cha rimu yake ni milimita 635. Zile za mtumba zenye magurudumu membamba nyingi ni 700C, rimu milimita 622. Tofauti ni milimita 13, lakini tairi ya huku haikai kule hata fundi akiapa. Kama yako ni 622, njoo na tairi ya akiba.

Angalia na valvu. Nene kama ya pikipiki inajazwa kwa kompresa ya fundi yeyote wa bodaboda, ila mwambie ajaze kidogokidogo, maana kompresa hupasua tyubu ya baiskeli ndani ya sekunde chache. Valvu nyembamba ya Presta haina msaada wowote njiani, inataka pampu yako mwenyewe.

Vingine vya kubeba:

- tyubu mbili, viraka, solushen na kipande cha msasa
- pampu uliyoijaribu nyumbani kwenye valvu yako
- spana za nati za magurudumu, bisibisi, koleo ndogo, na alenki kama baiskeli ni ya kisasa
- waya mmoja wa breki na raba za breki za akiba
- mipira ya kufungia iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, mirefu, angalau minne
- maji lita tatu, dawa ya kutibu maji, pakiti kadhaa za ORS
- taa ya mbele, taa nyekundu ya nyuma, kofia ngumu, koti la mvua
- chandarua chepesi
- kitambulisho cha taifa. Mgeni wa nje, pasipoti
- noti ndogondogo. Mama wa maandazi kijijini hana chenji ya elfu kumi asubuhi
- simu yenye ramani isiyohitaji mtandao, kama OsmAnd au Organic Maps, uliyoipakua kabisa ukiwa bado mjini

Kitambulisho usikichukulie kama pambo la orodha. Huu ni mkoa wa mpakani na utaulizwa. Ukiwa nacho mazungumzo huisha kwa dakika moja.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha saa

Anayeanza aende kati ya Juni na Septemba. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Udongo mwekundu wa vilimani ukilowa unateleza ajabu, na tope linajisokota kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ukilazimika kwenda masika, vua madigadi uyaache nyumbani. Mwisho wa kiangazi nao una karaha yake: watu wanachoma majani, moshi unaziba mandhari yote ya ziwa uliyoifuata, na macho yanawasha.

Saa ya kuondoka inawachanganya wageni wa kutoka Dar es Salaam. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini Kigoma iko magharibi sana, hivyo jua hapa linachomoza kama dakika 40 baada ya Dar. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Ukiondoka saa hiyo kwa mazoea ya Pwani utapanda mlima gizani pamoja na malori yaliyolala njiani. Ondoka kukipambazuka vizuri, saa moja kasoro. Jua la utosi nalo linakuja karibu saa saba mchana, si saa sita, kwa hiyo mapumziko ya kivulini yawe saa sita hadi saa tisa. Faida unaipata jioni, kwani mwanga unakaa hadi saa moja hivi. Usiutumie wote. Saa kumi na moja na nusu uwe umeshajua unalala wapi.

Hatua ya 2: Itambue njia isiyo na magari

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo watu wanayoiruka. Wanafungua ramani, wanaona mstari mnene, wanaufuata, halafu wanalalamika kwamba basi liliwapitisha mtaroni.

Anza kwa kuuliza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Hizo ndizo za mabasi, malori na Noah zinazokimbizana na abiria. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na ndizo zako. Si lazima uingie ofisini. Muulize dereva wa bodaboda kijiweni, "Basi linapita hapa?" Akikujibu "Hapa hapiti basi, labda Fuso siku ya gulio," umeshapata njia.

Siku ya gulio ndiyo swali la pili. Kila kata ina siku yake, na mpakani kuna masoko ya ujirani mwema ambako watu wa Burundi na wetu huuziana maharage, ndizi, nguo na kila kitu. Njia iliyolala wiki nzima, siku hiyo inajaa pikipiki zenye mbuzi mgongoni na Fuso zinazotimua vumbi mpaka huoni mbele. Ulizia siku za gulio za vijiji vyote utakavyopita na uzikwepe. Au uzifuate kwa makusudi ukale vizuri, lakini fika asubuhi mapema na uondoke baada ya watu kutawanyika.

Tatu, tafuta barabara ya zamani. Lami ilipojengwa kupanda Manyovu, na baadaye Kasulu, baadhi ya kona zilinyooshwa. Kipande cha zamani mara nyingi bado kipo pembeni, kinatumiwa na waenda kwa miguu, wanafunzi na sisi. Hakifiki mbali, pengine mita mia kadhaa, halafu kinakurudisha kwenye lami. Hata hivyo kinakuondoa mahali pabaya zaidi, yaani kwenye kona ya mlimani ambako dereva hakuoni.

Nne, soma milima kwenye ramani. Njia inayofuata mgongo wa kilima huwa na vijiji, hewa, na mipando ya wastani. Njia inayokatiza mabonde inashuka mtoni na kupanda upya kila baada ya kilomita chache, na daraja la mtoni linaweza kuwa magogo mawili. Kwenye ramani zote mbili ni mistari myembamba inayofanana. Anayeanza ashike mgongo.

Usimuulize mtu "ni mbali?" Utaambiwa "hapo tu," na hapo tu ya mtu aliyezoea kutembea ni kilomita kumi na mbili. Uliza, "Nikitembea kwa mguu nafika saa ngapi?" Jibu la saa huwa karibu na ukweli.

Na tuta la reli? Kila mwaka kuna kijana anayewaza kufuata reli mpaka Uvinza kwa sababu ni tambarare. Acha. Hairuhusiwi, kokoto zinakata tairi, na ukikutana na treni katikati ya daraja huna pa kwenda. Njia za vijiji zinazopita karibu na reli ni sawa, mradi ubaki kwenye njia.

Hatua ya 3: Kagua breki kwanza, mengine baadaye

Inua gurudumu, lizungushe, tazama kama linayumba. Bana spoku mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima, iliyolegea utaisikia. Raba za breki ziguse rimu yote, si tairi. Raba iliyolika ikabaki nyembamba ibadilishe leo, usisubiri. Kwenye breki za fimbo za Phoenix, kaza nati zote za viungo, kwa sababu mtikisiko wa njia ya vumbi huzilegeza. Cheni ipakwe oili kidogo na kufutwa. Oili nyingi hukusanya vumbi na kuwa msasa.

Fundi wa chini ya mwembe anafaa kabisa kwa gololi, ekseli na spoku. Kwa gia za kisasa na breki za mafuta muulize kwanza kama ameshawahi kuzigusa, na umtazame machoni anapojibu.

Hatua ya 4: Mzigo ukae chini na usicheze

Mzigo wote kwenye keria, hakuna begi mgongoni. Begi la mgongoni hukuvuta nyuma ukipanda na kukusukuma mbele ukiteremka, na jasho lake halina mfano. Vizito chini, vyepesi juu, funga kwa mipira ukiivuta mpaka iimbe. Kisha tikisa baiskeli kwa nguvu. Mzigo ukicheza hata kidogo, fungua ufunge upya. Ncha ya mpira isiachwe ikining'inia karibu na spoku.

Hatua ya 5: Siku moja ya majaribio chini bondeni

Usianze na mlima. Siku ya kwanza toka mjini kwenda Ujiji, chini ya kilomita kumi, asubuhi kabla daladala na bajaji hazijachangamka. Ujiji ndiko njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikoishia, na ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna makumbusho na mnara mahali hapo, simama upumzike chini ya miembe. Kisha chukua njia za mashambani kuelekea bonde la mto Luiche: mpunga, michikichi, watu wanaokanyaga matope, magari hakuna.

Kule chini kuna mchanga. Ukiingia kwenye mchanga usibane breki wala usikate usukani ghafla. Kaa nyuma kidogo kwenye kiti, endelea kunyonga, acha baiskeli itafute njia yake. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, ila uurudishe kabla ya kugusa mawe.

Wanaotaka kuona ziwa waende Katonga wakati wa kuanika dagaa. Harufu utaizoea. Usioge wala kuosha baiskeli kwenye midomo ya mito, Luiche au Malagarasi. Kuna mamba na viboko, na hawapigi kengele.

Jioni jiulize maswali matatu. Kiti kimekuumiza wapi? Mzigo umehama? Maji yamebaki kiasi gani? Rekebisha yote hayo kabla ya hatua inayofuata. Kiti kikiwa chini mno magoti yatakuambia: ukikaa kitini na kisigino chako kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka.

Hatua ya 6: Panda hadi Kalinzi, urudi

Kutoka Mwandiga, nje kidogo ya mji, barabara ya lami inapanda kwenda Manyovu mpakani, karibu kilomita 60. Kalinzi iko njiani, kwenye migomba na kahawa. Siku hii kazi yako ni moja tu, kujifunza kupanda.

Panda kwa mwendo ambao ungeweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, shuka usukume. Wanaoanza hupanda mlima wa kwanza kwa kiburi mbele ya watoto wa shule, halafu wa pili wanaukalia. Kunywa kabla ya kiu. Tumia lami pale tu pasipo na njia nyingine, na ukiwa juu ya lami kaa kushoto kabisa. Ukisikia basi nyuma na kuna lori mbele, toka nje ya lami usimame. Usibishane. Basi la asubuhi lina ratiba, wewe huna.

Watoto watakukimbilia. Wengine watakusukuma kwa nyuma, na mlimani ni msaada mzuri. Lakini mtoto akidaka keria upande mmoja baiskeli inapinda, na mguu wake uko karibu na spoku. Simama, wasalimie, waambie waachie, kisha endelea. Wakubwa wape shikamoo yao hata kama pumzi imekwisha. Hicho ndicho kitakachokupa maji, mahali pa kulala na maelekezo ya kweli.

Hatua ya 7: Teremka kama mtu aliyebeba mawese

Mtazame mwenyeji anavyoshuka na madumu ya mawese mawili kando na moja juu. Hakimbii. Ameketi nyuma kabisa, na breki za rimu zikimlemea anaweka soli ya kandambili kwenye tairi la nyuma, juu karibu na keria, akikandamiza na kuachia. Kandambili hiyo ina mfereji uliochimbwa na tairi katikati ya soli. Mbinu ya mguu usiiige, wewe huna mzigo huo wala mazoea hayo, lakini mwendo wake uige.

Breki zibane kwa vipindi: bana, achia, bana, achia, zote mbili, ya nyuma kwanza. Ukibana mfululizo kilomita nzima, raba inapata moto na kuanza kuteleza kwenye rimu. Baada ya mteremko wa kwanza mrefu simama, sogeza kidole karibu na rimu. Ukihisi joto kabla hujaigusa, pumzika dakika kumi. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye lami karibu na shule na vijiji kuna rasta na matuta. Kwenye mteremko hutayaona mpaka yamekufikia.

Unayekutana naye akishuka na mkaa au ndizi mpishe wewe. Yeye hawezi kusimama.

Hatua ya 8: Sasa mzunguko mkubwa

Kigoma, Mwandiga, Manyovu, Buhigwe, Kasulu, Kidahwe, Kigoma. Kwa barabara kuu ni zaidi ya kilomita 200. Ukipita njia za vijiji inaongezeka, na ndiyo raha yake. Hesabu kilomita 40 hadi 50 kwa siku. Kwenye udongo tambarare utaenda kilomita 12 hivi kwa saa. Kwenye kupanda ukisukuma, nne au tano.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni nyanda za juu kati ya Manyovu na Kasulu. Baridi ya asubuhi, migomba, maharage, nyumba zimekaa migongoni mwa vilima, na kila bonde lina kijito. Njia za vijiji ni nyingi mno, usikubali kukaa kwenye lami huko hata kama ni laini. Karibu na mpaka, shika njia inayopita kwenye vijiji vyenye watu na uulize mara kwa mara. Usifuate kichochoro kinachoshuka bondeni kuelekea Burundi kwa sababu tu ni kizuri. Mpaka huvukwa kwenye kituo rasmi, kwa hati.

Kutoka Kasulu hadi Kidahwe ni karibu kilomita 63, na kwa jumla unashuka. Hapo ndipo breki za Hatua ya 3 zinapolipa. Kasulu ni mji mkubwa, nunua raba mpya kama za zamani zimeisha, usisubiri Kigoma.

Kuna wavivu wenye akili. Hao hupakia baiskeli kwenye basi au Noah hadi Manyovu au Kasulu, kisha wanaanza safari wakiwa juu. Siwacheki. Mtu mwenye siku mbili tu afanye hivyohivyo. Lipia baiskeli kabla ya kupanda na simama uone inavyofungwa. Ikilazwa, mnyororo uwe upande wa juu.

Kaskazini ya Kasulu kuelekea Kibondo na Kakonko si pa kuanzia. Kuna vipande virefu vya pori, na kuna kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu. Huingii kambini bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, wala hupigi picha. Ukitaka kwenda huko, subiri uzoefu, nenda na wenzako, na upite kituo cha polisi Kasulu kuuliza hali ya njia.

Kusini kuna chaguo mbili za nyanda za chini. Ya Simbo kwenda Ilagala, penye michikichi na mto Malagarasi, ni tambarare lakini ina mchanga na joto. Uliza mjini hali ya kuvuka mto kabla hujaondoka. Ya Kidahwe kwenda Uvinza ni karibu kilomita 77. Inapita Kazuramimba, kisha miombo mikavu yenye mbung'o, na maji ni ya kubeba. Uvinza ni mji wa chumvi tangu enzi. Watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi pale kwa zaidi ya miaka elfu moja. Uzuri wa njia hii ni kwamba treni ya Reli ya Kati inasimama Uvinza, hivyo unaweza kwenda kwa baiskeli na kurudi kwa treni. Baiskeli inasafiri kama mzigo, fika stesheni mapema uilipie, na andika jina lako na stesheni unayoshukia kwenye karatasi uifunge kwenye usukani.

Gombe wengi wanaiulizia. Hifadhi haina barabara ya kuifikia, unapanda boti Kibirizi. Baiskeli iache mjini kwa mwenyeji wako.

Hatua ya 9: Kula na kulala

Kula si tatizo. Chai na maandazi au mihogo asubuhi, ugali na maharage mchana, na ukiwa karibu na ziwa, migebuka au dagaa. Agiza chakula kabla hujakaa kupumzika, maana vijijini kinapikwa ukishaagiza. Ndizi mbivu mbili mfukoni zinafaa kuliko biskuti. Pombe ya ndizi utakaribishwa, na ni tamu. Iwe jioni, baada ya mteremko wa mwisho.

Kulala, gesti zipo Manyovu, Kasulu na Uvinza. Kwingineko nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla jua halijazama. Jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema unatoka wapi na unakwenda wapi. Hapo utaonyeshwa darasa tupu, uwanja wa zahanati, au chumba cha mtu. Usipige hema kichakani ukidhani hujaonwa. Umeonwa. Na kijiji kitakachogundua mgeni amejificha porini karibu na mpaka hakitalala, wala wewe hutalala.

Ukikwama

*Pancha zinarudi palepale.* Mwiba bado uko kwenye tairi. Pitisha kidole ndani polepole, au kitambaa, kitanasa. Ikiwa matundu yako upande wa ndani wa tyubu, ni spoku inayotokeza. Ifunike kwa kipande cha mpira kuukuu kuzunguka rimu.

*Tairi limechanika ubavuni.* Weka kipande cha tairi kuukuu ndani, au noti iliyokunjwa ikiwa hakuna kitu kabisa, jaza upepo nusu, na uende taratibu hadi kwa fundi.

*Cheni inaruka.* Kwenye Phoenix, legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma likiwa wima, kaza. Kwenye ya gia, mara nyingi ni vumbi. Safisha kwanza kabla ya kugusa skrubu yoyote.

*Spoku imekatika.* Izungushie kwenye jirani yake isigonge fremu. Ikiwa breki inagusa kwa sababu rimu imeyumba, ifungue kidogo, na teremka kwa miguu.

*Breki zinapiga kelele na hazishiki.* Rimu ina oili au vumbi jekundu. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, kisha sugua uso wa raba kwa msasa wako wa pancha.

*Kichwa kinauma, umeacha kutoka jasho.* Simama. Kivuli, maji yenye ORS kidogokidogo, lowesha shingo na kichwa. Usiendelee siku hiyo. Homa ikija jioni au siku zinazofuata, nenda zahanati ukapimwe malaria, usijipe dawa kwa kubahatisha.

*Umepotea.* Ramani ya simu huonyesha njia za ng'ombe kama barabara. Rudi hadi nyumba ya mwisho uliyoiona, piga hodi, uliza njia ya shule. Kutoka shuleni kwa kawaida kuna njia inayofika barabarani.

*Umechelewa na giza limeingia uko juu.* Usiteremke usiku. Washa taa, shuka kwenye baiskeli, tembea hadi kijiji cha karibu na umuulize yeyote utakayemkuta nyumbani kwa mwenyekiti ni wapi.